Moto Uliomo Mwilini: Jinsi Seli Zinavyotoa Nguvu Katika Chakula

(Hotuba hii ilisomwa na mwanachama mwenzetu, mwalimu mstaafu wa biolojia, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule, baada ya chakula cha jioni. Tunaichapisha kama alivyoisoma. – Mhariri)



Ndugu Katibu aliponiandikia barua aliniomba niseme jambo lolote la elimu, mradi lisizidi nusu saa. Mimi nimefundisha biolojia miaka 33, na siwezi kujifanya ninajua jambo jingine. Na kwa kuwa sote tumekwisha kula, na tumekula vizuri kuliko tulivyokuwa tukila katika bwalo hili zamani, nimeona niseme juu ya chakula hichohicho: kinakwenda wapi, na nguvu inatokaje ndani yake. Ninayo na sababu ya pili ya kuchagua jambo hili. Hiyo nitaisema kabla sijaketi.

Baadhi yenu mtakumbuka siku mwalimu wetu wa biolojia alipoingia darasani mikono mitupu, bila kitabu wala chaki, akauliza: "Ukila ugali unapata nguvu. Je, nguvu hiyo ilikuwa wapi kabla hujaula?" Darasa zima lilinyamaza. Mmoja wetu, ambaye leo ni mtu mzima mwenye wajukuu na yumo humu ndani, alijibu, "Ilikuwa jikoni, Mwalimu." Tulicheka sana. Lakini mwalimu hakucheka. Alisema, "Jibu lake si baya. Kaeni mfikiri jikoni kuna nini." Jikoni, ndugu zangu, kuna moto. Na jibu lote linaanzia hapo.

Ukuni mkavu una nguvu ndani yake, lakini hata ukiukumbatia usiku kucha hutaota joto. Nguvu haitoki mpaka ukuni ukutane na hewa ya oksijeni na kuwaka. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, huko Ufaransa, Antoine Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama yule, wakapima na hewa ya ukaa aliyoitoa. Kisha wakachoma mkaa na kulinganisha. Waliona kuwa mnyama na mkaa wanafanya kazi ya namna moja: vyote viwili hutumia oksijeni, hutoa hewa ya ukaa, na hutoa joto. Lavoisier akasema kupumua ni kuungua polepole. Alidhani kuungua huko hutokea mapafuni. Waliokuja baadaye walionyesha kuwa mapafu ni mlango tu. Moto wenyewe umo katika chembe hai za mwili, yaani katika seli: za kidole, za moyo, za ubongo.

Lakini moto huu si kama ule wa mafiga. Ukuni ukiwaka hutoa nguvu yake kwa pupa, na sehemu kubwa hupotea hewani. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 tu. Kama sukari ingewaka ndani yetu kama nyasi kavu zinavyowaka mwezi wa Septemba, tusingefika mwisho wa mlo mmoja. Kwa hiyo seli huivunja sukari hatua kwa hatua, na katika kila hatua huchukua nguvu kidogo na kuiweka mahali pa kufaa. Hesabu ya mwisho ni ileile. Gramu 180 za glukosi, zikiungua motoni au zikiungua mwilini, hutoa kiasi cha kilokalori 686. Tofauti ni namna ya kutumia tu. Moto hutumia mshahara wote kwa siku moja. Seli hujua kuupanga.

Sasa tufuate tonge moja la ugali. Ugali ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoshikana. Mate na maji ya utumbo yana vimeng'enya vinavyoukata mnyororo huo, pingili moja moja. Glukosi huingia katika damu, na damu huifikisha kwenye kila seli.

Hatua ya kwanza hufanyika katika utelezi wa seli, na haihitaji oksijeni. Glukosi, yenye kaboni sita, hukatwa kuwa vipande viwili vyenye kaboni tatu kila kimoja. Faida yake ni ndogo, lakini ni ya haraka. Hamira huweza kuishi kwa hatua hii: hukata sukari, hutoa hewa inayoumua maandazi, na hutoa kileo kinachofanya pombe iwe pombe. Nanyi mliokimbia mbio za mita 400 katika uwanja ule pale nje mliijua hatua hii kwa miguu yenu. Mkondo wa mwisho misuli huhitaji nguvu upesi kuliko damu inavyoweza kuleta oksijeni, nayo hukata sukari nusu nusu na kubaki na asidi ya laktiki. Hapo ndipo mnapojiona mnakimbia lakini hamwendi.

Nimesema nguvu "huwekwa mahali pa kufaa". Ni wapi? Mwaka 1929 Mjerumani Karl Lohmann aligundua kitu katika misuli ambacho leo hujulikana kwa herufi tatu, ATP. Fikirini mtu anayepanda basi na noti kubwa mpya. Ana fedha, lakini kondakta hana chenji, naye hatasafiri. Glukosi ni ile noti kubwa. ATP ndiyo sarafu. Msuli ukitaka kujikunja, mshipa wa fahamu ukitaka kupeleka habari, figo ikitaka kufanya kazi yake, zote hulipa kwa sarafu hiyo. Na sarafu hii haiwekwi akiba. Mwilini mwa mtu mzima, kwa wakati wowote, hazizidi gramu 250. Lakini kwa siku moja mwili hutumia ATP ambayo uzito wake unakaribia uzito wa mtu mwenyewe, kwa sababu kila sarafu hutumika na kujazwa upya mara nyingi sana. Sikilizeni jambo hilo vizuri, maana nitalirudia: hakuna akiba. Kujaza kukisimama, uhai haungoji kesho.

Hatua ya pili hufanyika ndani ya vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Seli yenye kazi nyingi, kama ya ini, inazo mamia mpaka maelfu. Humo, vile vipande vya kaboni huingia katika mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 huko Sheffield, Uingereza, akitumia nyama ya kidari cha njiwa iliyosagwa. Jarida la kwanza alilolipelekea taarifa yake halikuichapisha; akaipeleka kwingine. Mwaka 1953 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyohiyo. Vijana, mkirudishiwa insha msikate tamaa. Katika mzunguko huo kaboni hutolewa kuwa hewa ya ukaa, ndiyo hii tunayoitoa puani sasa hivi. Lakini ATP zinazopatikana moja kwa moja katika mzunguko huu ni chache. Faida yake kubwa ni elektroni zilizojaa nguvu, ambazo hukabidhiwa hatua ya tatu.

Na hatua ya tatu wenzangu mnaijua, ila hamjui kuwa mnaijua. Mnakumbuka bweni lile tulilolijenga kwa mikono yetu, enzi za Elimu ya Kujitegemea? Tulisimama mstari mmoja kutoka kwenye tanuri mpaka kwenye jengo, tukapokezana matofali. Tofali lilitoka mkono hadi mkono, na mwisho wa mstari, juu ya jukwaa, alisimama fundi. Yeye alilipokea na kulipanga ukutani. Siku moja fundi alishuka kunywa maji bila kutuambia. Nini kilitokea? Aliye karibu na jukwaa alibaki na tofali mkononi. Wa pili hakuweza kumpa, akabaki na lake. Wa tatu hivyohivyo. Kwa dakika moja mstari mzima wa wavulana wenye nguvu ulisimama kama sanamu, kila mmoja na tofali mikononi, na kule nyuma tanuri limejaa. Hakuna aliyechoka, wala matofali hayakukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa mwisho.

Ndani ya mitokondria kuna mstari kama ule. Elektroni hupokezwa kutoka mkono hadi mkono. Baadhi ya mikono hiyo ni protini zenye chuma ndani yake, ambazo David Keilin wa Cambridge alizieleza mwaka 1925 na kuziita sitokromu. Elektroni inaposhuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine hupoteza nguvu kidogo, na nguvu hiyo haipotei bure. Hutumika kusukuma chembe za haidrojeni upande wa pili wa utando, kama pampu inavyopandisha maji kwenye tangi. Kisha chembe hizo hurudi kwa kasi kupitia mlango mmoja tu, na mlangoni pana gurudumu. Linazunguka, na linapozunguka linatengeneza ATP. Kama maji ya bwawa la Kidatu yanavyozungusha mitambo na kutupa umeme, ndivyo ilivyo ndani ya seli zako. Mwingereza Peter Mitchell alilieleza jambo hili mwaka 1961, na kwa miaka mingi wataalamu wenzake wengi hawakulikubali. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1978. Habari za gurudumu lenyewe ziliwapatia tuzo hiyo Paul Boyer na John Walker mwaka 1997.

Hesabu yote, kwa glukosi moja, huja ATP 30 au 32. Vitabu vyetu vya zamani vilisema 36 au 38; waliopata alama kwa majibu hayo wasirudishe vyeti. Jambo la kukumbuka ni kuwa ile hatua ya kwanza, isiyotumia oksijeni, huleta ATP mbili tu. Karibu utajiri wote unatoka kwenye mstari wa matofali.

Na fundi wa mwisho ni nani? Ni kimeng'enya kimoja chenye chuma na shaba, ambacho hupokea elektroni na kuikabidhi oksijeni. Oksijeni ikishaipokea huungana na haidrojeni na kuwa maji. Basi, ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi ya pumzi zetu. Tunavuta hewa usiku na mchana, tangu kuzaliwa mpaka kufa, ili fundi wa mwisho awe na mahali pa kuweka tofali lake.

Sasa ninakuja kwenye ile sababu ya pili.

Ipo sumu moja iitwayo sianidi. Haivunji mapafu wala haikaushi damu. Inafanya jambo moja: inakishika chuma cha yule fundi wa mwisho na kumfunga mikono. Mstari mzima unasimama. Tumboni chakula kipo. Mapafuni hewa ipo. Damu imejaa oksijeni, na hata ile inayorudi kutoka mwilini hubaki nyekundu, kwa sababu hakuna aliyeipokea oksijeni yake. Lakini gurudumu halizunguki na sarafu hazitengenezwi. Ubongo ndio unaoumia mapema, maana uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu za mtu aliyetulia. Mtu anakufa njaa na kukosa hewa kwa pamoja, naye ameshiba na anahema.

Na sumu hiyo haiko mbali. Imo katika muhogo mchungu, imefungwa ndani ya kitu kiitwacho linamarini. Muhogo ukipondwa au ukilainika, linamarini hukutana na kimeng'enya chake, hufunguka, na sianidi hutoka.

Mwishoni mwa mwaka 1974 nilikuwa nimemaliza kidato cha tatu katika shule hii, nikarudi nyumbani kwa likizo, mkoani Mara, kando ya ziwa. Wazee wenzangu mnaukumbuka mwaka ule. Mvua zilikuwa haba sehemu nyingi za nchi, na kilimo kilikuwa kweli cha kufa na kupona. Kwetu mtama ulikauka shambani. Uliobaki ni muhogo mchungu, kwa kuwa huvumilia ukame, na wanyama waharibifu hawaupendi.

Mama yangu hakusoma shule. Lakini alijua kutengeneza udaga. Muhogo humenywa, hukatwa, hulundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika. Ndipo hukwanguliwa, hupondwa, na kuanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Baada ya hapo ndipo unga wake hufaa kusongwa ugali. Haya hakuyasoma popote. Aliyapata kwa mama yake.

Siku ile lundo lilikuwa na siku mbili tu. Ndani hapakuwa na kitu kingine. Mdogo wangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa akilia tangu asubuhi. Nikamwambia mama tuupike. Mama akasema, "Baba, bado. Huu haujaiva." Nami, kijana wa kidato cha tatu, nikamjibu kwa kiburi cha shule: "Mama, moto huua kila kitu. Tumefundishwa." Mama alinitazama kitambo. Nyumba ile msomi nilikuwa mimi. Akaniamini.

Tukauanika mpaka alasiri, tukautwanga, tukasonga ugali, tukala kwa mlenda, maana samaki hatukuwa nao. Ulikuwa na uchungu kidogo. Usiku ule kichwa kiliniuma, nikaona kizunguzungu, nikatapika. Mama naye vivyo hivyo. Sisi tulipona. Mdogo wangu mwili wake ulikuwa mdogo, na kwa mwili ule tonge alizokula zilikuwa nyingi. Alihema kama mtu aliyetoka mbioni. Tulimtoa nje apate hewa. Hewa ya ziwani ilikuwa tele. Alikata roho kabla jogoo wa kwanza hajawika.

Niliporudi shuleni Januari nilifungua daftari langu la biolojia. Katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza kwamba sianidi huzuia upumuaji wa seli. Katika ukurasa mwingine, mbele kidogo, chini ya kichwa cha mimea ya chakula, nilikuwa nimeandika kwamba muhogo mchungu una sianidi. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya vema ya wino mwekundu. Nilikuwa nimepata yote mawili. Sikuwahi kuyakutanisha, wala sikuwahi kumwambia mama hata moja kwa lugha anayoielewa.

Na ule usemi wangu wa moto? Ulikuwa kweli nusu. Moto huua vijidudu, lakini linamarini si kijidudu. Tena moto huharibu kile kimeng'enya ambacho kingeifungua linamarini mapema, sianidi ikapeperuka hewani. Kwa hiyo sumu hubaki katika kifungu chake mpaka tumboni, na bakteria wa utumbo ndio wanaokifungua. Kanuni ya mama, ambayo mimi niliiona ya kizamani, ndiyo iliyokuwa sayansi. Kulundika, ukungu na kulainika hupasua seli za muhogo ili linamarini ifunguke. Jua na upepo huiondoa sianidi. Mama hakuijua linamarini kwa jina, lakini alijua inahitaji siku ngapi.

Ndugu zangu, msidhani haya yalikuwa ya nyumba yetu peke yake. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, nchini Kongo, unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona. Wenyeji waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa huohuo ulionekana wilayani Tarime. Mwaka 1988, wilayani Masasi, watu walipata sumu ya muhogo baada ya njaa kuwafanya wafupishe kazi ya kuutayarisha. Kila mahali kisa ni kilekile: watu hawakusahau ujuzi wao, bali njaa iliwaharakisha. Na mwili uliokosa protini huumia zaidi, kwa sababu ni salfa itokayo katika vyakula vya protini ndiyo inayouwezesha mwili kuigeuza sianidi na kuitoa kwa mkojo. Kwa hiyo dagaa na maharage pembeni ya ugali wa muhogo si anasa.

Elimu imesogea tangu wakati wetu. Howard Bradbury, mwanakemia wa Australia, na wenzake walionyesha njia rahisi ya kuupunguzia unga sumu iliyobaki. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa tabaka jembamba juu ya mkeka, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo. Njia hii imetumika Msumbiji, Tanzania na Kongo. Haichukui nafasi ya udaga ulioiva, inauongezea usalama. Haihitaji fedha. Inahitaji maji, mkeka, na mtu wa kueleza sababu.

Na hapo kwenye sababu ndipo ninapotaka kumalizia. Kwa miaka 33 ya kufundisha, zile kurasa mbili za daftari langu nilizifundisha siku moja, kipindi kimoja. Nilichora mstari wa matofali ubaoni, nikamfunga mikono fundi wa mwisho, kisha nikaweka muhogo mbichi juu ya meza. Wakaguzi wengine waliniambia nimetoka nje ya muhtasari. Sikubishana nao, wala sikuacha.

Nina maombi matatu. Kwa walimu: msiridhike mwanafunzi akikuandikia mzunguko wa Krebs bila kosa. Mpeni kazi ya likizo ya kumweleza mtu mmoja wa nyumbani kwa lugha ya nyumbani, naye aje aseme aliulizwa nini. Maswali ya nyumbani ni magumu kuliko ya mtihani.

Kwa nyinyi vijana: mtakapofika nyumbani na elimu yenu, ulizeni kabla ya kufundisha. Mama akikwambia "bado", muulize kwa nini, na usipopata jibu, ngoja. Huenda anajua jambo ambalo wewe umepewa jina lake tu.

Na kwa chama chetu: kesho asubuhi tutajadili fedha za kutengeneza maabara. Najua wako wanaopendelea tuanze na ukumbi, na ukumbi ni jambo jema. Lakini katika maabara mwanafunzi anaweza kuweka karatasi ya njano juu ya unga wa muhogo ndani ya chupa iliyofungwa, na siku ya pili akaiona imegeuka kahawia kwa sababu ya sianidi. Aliyeiona kwa macho yake hatahitaji kukariri. Mimi nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina mchango wangu, na nimeandika juu ya bahasha kuwa ni wa maabara.

Mama yangu alifariki mwaka 2003. Hakunilaumu hata siku moja. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilimweleza habari zote hizi, za matofali na fundi aliyefungwa mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anahema." Alikuwa amejiuliza swali hilo miaka yote ile. Jibu lilikuwa katika daftari langu, ndani ya sanduku, chini ya kitanda chake.

Ndugu Mwenyekiti, nusu yangu ya saa imekwisha.